Programu zilizoachwa na watengenezaji: azibe nani tundu, na mpaka lini?

KABIMBA, Kalemie, jimbo la Tanganyika. – Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa kompyuta zenye Windows 10. Habari hiyo ilipita bila kelele huku Tanganyika. Watu wana mengine ya kuwasumbua: bei ya unga, barabara, usalama, ndugu waliobaki nyuma.

Hata hivyo inawagusa. Katika sekretaria ambako watu wanapiga chapa barua na kutoa fotokopi, katika shule, parokia na zoni za afya, na katika ofisi zinazoandikisha familia zilizohamishwa na vita, kompyuta nyingi si mpya. Zilikwisha kutumiwa kwingine kabla ya kufika ziwani. Mara nyingi zinafika zikiwa na programu ambayo mtengenezaji wake ameshaiaga, au yuko karibu kuiaga. Simu nyingi ziko katika hali hiyohiyo.

Ndiyo sababu mjadala unaoendelea huko mbali kati ya mafundi wa programu unawahusu pia watu wa Kabimba. Wanajadili hivi: programu ikishafikia mwisho wa maisha yake, kisha tundu la hatari likaonekana ndani yake, je, walioitengeneza warudi nyuma kuliziba, au wawaambie watu wanunue mpya?

Jibu linalofaa kwa watu wa ziwa hili si "zibeni milele", wala si "waacheni". Kiraka kinapaswa kuwafuata watu wasioweza kuhama, na zaidi sana kiraka ambacho kimeshatengenezwa tayari. Lakini kitolewe pamoja na tarehe ya mwisho inayojulikana, na anayekipokea atumie muda huo kujiandaa kuhama. Sehemu hizo mbili zikitenganishwa, hasara inawarudia wanyonge.

Kazi yenyewe ni ipi

Programu ni maagizo yaliyoandikwa na watu, na watu hukosea. Kosa moja dogo linaweza kuwa mlango ambao mwizi anapitia ili asome barua, aibe namba za siri au afunge kompyuta nzima na kudai pesa. Mtengenezaji akigundua kosa hilo anaandika marekebisho. Wengi wanayaita kiraka.

Kiraka kwanza hushonwa kwa toleo jipya. Kukipeleka kwenye toleo la zamani ni kazi nyingine. Fundi wa pikipiki anaelewa jambo hili kwa urahisi. Kipuri cha pikipiki ya mwaka huu hakiingii tu katika pikipiki ya miaka kumi iliyopita, hata kama jina la kampuni ni lilelile. Inabidi kukichonga, kukijaribu, na kuhakikisha kwamba hakivunji kitu kingine. Katika programu ni hivyohivyo: sehemu ya ndani imebadilika, na mistari iliyorekebishwa katika toleo jipya labda haipo kabisa katika la zamani, au iko mahali pengine na inafanya kazi kwa njia nyingine. Kiraka kilichobandikwa kwa haraka kinaweza kuziba tundu moja na kufungua jingine.

Kwa hiyo wanaokataa kurudi nyuma si wavivu wala wachoyo wote. Wana hoja, na inafaa zisikilizwe kabla ya kuwahukumu.

Hoja za wanaokataa

Hoja ya kwanza ni nguvu ya watu. Mwaka 2023, wanaotunza kiini cha Linux, programu iliyo ndani ya kila simu ya Android na ndani ya kompyuta nyingi zinazoendesha intaneti, walitangaza kwamba matoleo yao ya muda mrefu yatatunzwa kwa miaka 2 badala ya 6. Sababu walizitaja wazi: watunzaji ni wachache na wamechoka, na matoleo ya miaka mingi hivyo hayakuwa na watumiaji wa kutosha. Saa ambayo fundi anaitumia kurudisha viraka vya kale ni saa aliyoiondoa katika kazi ya kuimarisha toleo jipya.

Hoja ya pili ni kwamba kiraka kinaweza kulewesha. Mwenye ofisi akiona kompyuta ya zamani bado inapata marekebisho, anasema: "Bado inaenda, tutaangalia mwaka ujao." Mwaka ujao anasema hivyohivyo. Siku viraka vinapokwisha kweli, hana bajeti, hana mpango, na kazi yote imefungwa kwenye mashine moja ambayo hakuna anayejua kuitengeneza.

Hoja ya tatu inawahusu wanaojitolea. Desemba 2021 lilionekana tundu baya sana katika programu iitwayo Log4j, inayotumika ndani ya maelfu ya programu nyingine duniani. Wanaoitunza ni wachache, na wengi wao wanafanya hivyo nje ya kazi zao za mshahara. Katika majuma yale walitoa viraka kwa toleo jipya, kisha wakarudi nyuma na kutoa viraka kwa watu waliobaki kwenye Java 7 na hata Java 6, ambazo zote zilikuwa za zamani. Lakini mfululizo wa kwanza wa Log4j, ambao waliufunga mwaka 2015, hawakuufungua tena. Waliweka mstari. Mtu anaweza kubishana nao juu ya mahali walipouweka, lakini hawezi kudai kwamba watu wanaofanya kazi usiku bila malipo hawana haki ya kuweka mstari wowote.

Hoja hizi tatu ni za kweli. Kosa linaanza pale zinapotumiwa na kampuni tajiri, yenye mafundi wa kulipwa, kuhusu kiraka ambacho tayari kiko kabatini.

Somo la Mei 2017

Windows XP ilifikia mwisho tarehe 8 Aprili 2014. Karibu miaka 3 baadaye, tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha tundu kubwa, lakini kwa matoleo yaliyokuwa bado hai tu. Kwa XP kiraka kilikuwepo pia, ila kilikuwa cha wateja waliokuwa wakilipa mkataba maalumu. Wengine wote waliachwa hivyohivyo.

Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vikapita katika tundu hilo. Kwa siku chache viligusa zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Vilifunga mafaili na kudai pesa. Huko Uingereza hospitali zilizuiwa kufanya kazi, na takribani miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Baada ya hapo tu ndipo Microsoft ilipokifungua kiraka cha XP kwa kila mtu, bila malipo.

Tukio hilo linatoa masomo mawili, na mara nyingi watu wanachukua moja na kuacha la pili.

Somo la kwanza: kiraka kilichoshonwa tayari hakina sababu nzuri ya kufichwa. Gharama kubwa imeshalipwa. Kumnyima asiye na pesa hakumlindi hata aliyelipa, kwa sababu virusi haviulizi nani ana mkataba. Kompyuta iliyoambukizwa katika ofisi ndogo inakuwa njia ya kufikia ofisi kubwa.

Somo la pili: kompyuta nyingi kabisa zilizoathirika hazikuwa za XP. Zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatunzwa na kiraka chake kilikuwa kimetolewa miezi 2 kabla. Wenyewe hawakukiweka. Kwa hiyo anayedai kiraka bila kuwa na mtu wa kukiweka amefanya nusu ya kazi.

Wa Bulaya na wa huku

Mambo ya Windows 10 yanaonyesha kwamba somo la kwanza bado halijaeleweka vizuri. Viraka vyake havikukoma kutengenezwa tarehe 14 Oktoba 2025. Vinaendelea kutengenezwa. Kilichobadilika ni nani anavipata.

Kwa mtu binafsi, nyongeza ya mwaka mmoja ilipangwa kufika tarehe 13 Oktoba 2026. Anaweza kulipa dola 30, au kuipata bila pesa kama ataunganisha mipangilio ya kompyuta yake na akaunti ya Microsoft. Watu wa nchi za Umoja wa Ulaya na majirani zao wa eneo moja la biashara waliahidiwa nyongeza hiyo bure, bila sharti hilo la kuunganisha mipangilio, baada ya mashirika ya kutetea watumiaji kulalamika. Kwa ofisi na makampuni bei ya kawaida ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na inaongezeka maradufu kila mwaka, hadi miaka 3. Kwa shule ni dola 1, kisha 2, kisha 4.

Bei ya shule ni habari njema, na walimu wakuu wa Tanganyika wanapaswa kuijua. Lakini orodha hiyo ya bei inasema jambo jingine pia. Kama kiraka kilekile kinaweza kutolewa kwa dola 1 hapa, dola 61 pale, na bure kule, basi bei haitokani na ugumu wa kukishona. Inatokana na nguvu ya kudai. Watu wa Bulaya walikuwa na mashirika na sheria za kuwasemea. Mwenye sekretaria hapa Kabimba hana.

Wapo watakaosema: si ahamie Windows 11? Toleo hilo linadai kifaa cha usalama ndani ya kompyuta na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazipiti mtihani huo, hata kama bado zina nguvu ya kuandika barua na kutoa fotokopi. Kwa mtu wa mshahara wa Brussels, kununua nyingine ni usumbufu. Kwa mtu anayeishi kwa franka za fotokopi, kompyuta hiyo ndiyo shamba lake. Huyo ndiye asiyeweza kuhama. Na pengine nakala ya Windows aliyouziwa pamoja na mashine si halali, bila yeye kujua, jambo linalomweka nje ya mipango yote hiyo.

Kwa nini inawahusu waliokimbia

Familia zilizohamishwa zinalijua vizuri neno "kuacha". Tangu mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipopamba moto mwaka 2016, Kalemie na pembezoni mwake pamepokea watu kwa makundi. Mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, wengine walishuka kwa ziwa kutoka upande wa Uvira na Fizi. Mtu anayekimbia usiku haondoki na kabati. Anaondoka na watoto na simu.

Simu hiyo ndiyo benki yake, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ndiyo picha ya kadi yake ya uchaguzi, kama kadi yenyewe ilibaki nyumbani. Ndiyo njia pekee ya kumtafuta mtoto aliyepotea njiani. Na jina lake, la mume wake, idadi ya watoto na kijiji alikotoka vimeandikwa katika kompyuta ya mtu mwingine, ambaye hakumchagua na ambaye hawezi kumwuliza: mashine hii inatunzwa na nani?

Hofu hiyo ina msingi. Januari 2022, Halmashauri ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika mashine zinazohifadhi habari za watu zaidi ya 515,000 duniani, zilizokusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60. Walikuwemo watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita au maafa, watu wasiojulikana walipo, na wafungwa. Ni watu wa kazi ileile ya kutafuta jamaa ambayo familia nyingi za ziwa hili zinaihitaji. Waliingia mwezi wa Novemba 2021 na hawakugunduliwa hadi Januari.

Programu waliyopitia haikuwa imeachwa na mtengenezaji wake. Kiraka kilikuwepo. Hakikuwekwa kwa wakati. Shirika hilo lilieleza jambo hilo waziwazi, na ni heshima kwake, kwa sababu wengine huficha. Lakini fundisho ni zito: kama shirika lenye mafundi na vifaa linaweza kuchelewa kuweka kiraka kilichopo, itakuwaje kwa ofisi ndogo inayotumia programu ambayo viraka vyake vimekoma kabisa?

Kwa sababu hii, ofisi yoyote inayoandika majina ya watu waliokimbia haina ruhusa ya kujificha nyuma ya neno "bajeti". Mwenye sekretaria anahatarisha mali yake mwenyewe. Anayeandikisha wakimbizi wa ndani anahatarisha maisha ya watu wengine. Katika eneo ambako orodha ya majina inaweza kumwonyesha mwenye silaha nani alitoka kijiji gani, tundu katika kompyuta si jambo la mafundi peke yao.

Simu nazo

Kwa simu, hali ni mbaya zaidi kuliko kwa kompyuta. Google iliacha kutoa viraka vya Android 12 tarehe 31 Machi 2025, na matoleo yaliyotangulia yalikuwa yameachwa kabla ya hapo. Juu ya hilo, kila kampuni ya simu inaamua yenyewe itapeleka viraka kwa miaka mingapi, na simu za bei ya chini ndizo zinazopata michache. Mara nyingi simu inauzwa ikiwa mpya ndani ya boksi wakati muda wake wa kutunzwa umebaki kidogo sana. Muuzaji hasemi, na mnunuzi hajui kuuliza.

Mtu anaijua tarehe hiyo pale tu programu anayoipenda inapogoma. WhatsApp, kwa mfano, tangu tarehe 24 Oktoba 2023 haikubali simu yenye Android iliyo chini ya 5.0. Aliyekuwa akipata habari za jamaa zake huko tu anaona giza siku moja.

Umoja wa Ulaya ulichukua njia nyingine. Tangu tarehe 20 Juni 2025, anayeuza simu za kisasa katika nchi zake analazimika kutoa marekebisho ya programu kwa angalau miaka 5 baada ya aina hiyo ya simu kuondolewa sokoni.  Kumbe inawezekana.

Kongo nayo si nchi isiyo na uwezo wa kuagiza. Wananchi wanakumbuka kodi ya RAM, iliyoanzishwa mwaka 2020 na kukatwa katika yunite za kila mwenye simu, hadi ilipofutwa mwaka 2022 kwa sababu ya malalamiko. Serikali ilionyesha wakati ule kwamba inaweza kuitambua kila simu inayoingia mtandaoni ili kuitoza. Sheria ya mambo ya dijiti ipo tangu Machi 2023. Basi itumike nguvu ileile kudai jambo lenye faida kwa mwananchi: kila simu inayoingizwa na kuuzwa nchini iandikwe kwenye boksi tarehe ya mwisho ya marekebisho yake. Kwa kuanzia, hilo peke yake lingebadilisha soko la Kalemie. Anayenunua angelinganisha simu mbili za bei moja na kuchukua yenye maisha marefu.

Mfano wa mpaka ulio wazi

Upo mfano mzuri, na unafanya kazi humu humu nchini. Takwimu za afya za Kongo, kuanzia vituo vya afya hadi Kinshasa, hukusanywa kwa programu ya DHIS2, iliyoanzishwa na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway na kutumiwa na wizara za afya za nchi nyingi za Afrika na Asia. Kanuni yake ni fupi: matoleo 3 ya mwisho yanatunzwa. Tundu likionekana, kiraka kinashonwa kwa yote 3. La nne kwenda nyuma, mtu ajue kwamba muda wake umekwisha na ajiandae kupanda.

Kanuni hiyo haimfurahishi kila mtu. Ina sifa mbili hata hivyo. Inajulikana mapema, kwa hiyo wizara inaweza kupanga. Na ni ileile kwa tajiri na maskini: Norway haipati kiraka kabla ya Kongo kwa sababu ina pesa. Debian, programu huria ya kompyuta ambayo mtu anaipata bila kulipa, inafuata njia inayofanana. Kila toleo linatunzwa kwa miaka ipatayo 5, na sehemu ya mwisho ya muda huo inagharamiwa na makampuni yanayowalipa mafundi kurudisha viraka nyuma, kisha kila mtu duniani anavipata.

Hapo ndipo jibu la swali la pesa lilipo. Wenye uwezo walipe kazi ya kushona. Kiraka kikishashonwa, kitolewe kwa wote.

Watu wa ziwa wanajua kwamba kitu cha zamani kinaweza kutumika muda mrefu kikiwa na mtu wa kukitunza. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa 1924, ikarudi majini 1927, na katika miaka ya 1970 injini yake ya mvuke ikabadilishwa kuwa ya dizeli. Haikuishi kwa bahati. Kila mara kulikuwa na serikali au shirika lililosema: meli hii ni jukumu letu, hizi hapa pesa, mafundi ni hawa. Programu ya zamani isiyo na mtu wa kusema hivyo ni hatari, hata kama leo inafunguka vizuri.

Maswali matatu kabla ya kuamua

Mtengenezaji, awe kampuni au kikundi cha watu wanaojitolea, akikutana na tundu katika toleo alilolifunga, ajiulize maswali matatu.

Je, tundu hili linaweza kupitiwa na mtu aliye mbali na kuenea kutoka mashine moja hadi nyingine? Kama ndiyo, haliwi tena shida ya mwenye mashine peke yake, na kulinyamazia ni kuwahatarisha wote.

Je, waliobaki kwenye toleo hili wamebaki kwa kutotaka, au kwa kutoweza? Kampuni kubwa inayokataa kutumia pesa yake kuhama haina haki ya kudai huruma. Zoni ya afya yenye kompyuta isiyokubali toleo jipya inayo.

Je, kiraka kimeshatengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote? Kama kimetengenezwa, mjadala umekwisha. Kitolewe.

Pale ambapo majibu yote matatu ni hapana, mtengenezaji ana haki ya kusema basi. Ila aseme mapema, kwa lugha ambayo watu wanaielewa, na aeleze njia ya kuhama.

Kazi iliyobaki huku

Kudai haki kutoka kwa walio mbali hakuondoi kazi ya walio karibu. Ofisi na mashirika yanayoandika majina ya watu yawe na orodha ya kompyuta zao zote, toleo lililomo na tarehe ya mwisho wake. Kompyuta iliyokwisha muda na isiyo na nyongeza isiwekwe tena orodha za watu waliokimbia. Kama haiwezi kubadilishwa, itolewe kwenye intaneti, na flashi zisipite ovyo kati yake na nyingine. Wafadhili nao waache kuhesabu kompyuta walizotoa siku ya picha tu. Waandike katika mkataba nani atazitunza mwaka wa tatu na wa nne.

Sekretaria zinaweza kushirikiana. Marekebisho ni mazito na mega ni ghali, lakini faili moja la kiraka linaweza kupakuliwa mara moja kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe na kupelekwa kwenye kompyuta kadhaa za aina moja kwa flashi safi. Mashine ya zamani isiyoweza kupokea Windows 11 inaweza kuendelea na kazi ya kuandika kwa kuwekewa Debian au nyingine ya aina hiyo. Kuna kujifunza upya, na si kila printa inakubali, kwa hiyo ijaribiwe kwanza kwenye mashine moja.

Mwenye simu aangalie katika mipangilio tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Kama ni ya miaka iliyopita na simu haipati kipya, asiweke programu kutoka kwa watu asiowajua, na namba ya siri ya pesa asiiandike katika ujumbe wala kuihifadhi kama picha. Mwenye simu ya kitochi anayetuma pesa kwa namba za nyota hana hofu kubwa ya tundu la programu. Anayemwinda yeye ni mtu anayepiga simu akijifanya wakala, na kwa huyo hakuna kiraka ila kukata.

Anayenunua simu au kompyuta huko Kalemie, Kigoma au Uvira amwulize muuzaji swali moja zaidi ya bei na betri: hii itatunzwa mpaka lini? Wauzaji wengi hawatakuwa na jibu leo. Wakiulizwa na wateja kumi kwa siku, watalitafuta.